Mfupa wa Mkono na Mchumaji Karafuu

Kila ufikapo msimu wa karafuu hapa Pemba, mikono yetu hufanya kazi kubwa. Basi yafaa tuujue mfupa unaoibeba kazi hiyo, yaani ule mrefu utokao begani mpaka kisugudini. Madaktari huuita humerasi.

Ncha yake ya juu ni mviringo, mfano wa nusu ya mpira, nayo hukaa katika kishimo cha mfupa wa bega. Kwa kuwa kishimo hicho hakina kina, mkono huzunguka pande zote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo bega huteguka upesi. Misuli minne midogo huushika mfupa usitoke mahali pake.

Mtazame mchumaji juu ya mkarafuu. Anaponyanyua mkono kushika tawi, huvuta msuli mnene unaofunika bega, ambao umeshikamana na humerasi upande wa nje, karibu na katikati. Anapojivuta juu, hufanya kazi msuli mpana wa mgongo na ule wa kifua. Yote miwili imeshikamana mbele, karibu na ncha ya juu. Anapokunja mkono, hujaa tafu ya mkono. Ajabu ni kwamba tafu hii haikushikamana na humerasi hata kidogo: hupita juu yake tu, kutoka mfupa wa bega mpaka kigashani. Msuli ulio chini ya tafu ndio ulioshikamana nayo.

Sasa tuzingatie. Nyuma ya mfupa, katikati, pana kijifereji ambamo hupita mshipa wa fahamu, umelala juu ya mfupa wenyewe. Mshipa huo ndio unaoamrisha misuli inayonyanyua kiganja na vidole. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika. Mtu akianguka akavunjika hapo, ncha kali za mfupa zaweza kuujeruhi mshipa, na kiganja kikaning'inia.

Kwa hivyo mkono uliovunjika usikandwe wala usivutwe. Ufungwe kifuani kwa kanga, na majeruhi apelekwe hospitali iliyo karibu, ikiwa Chake Chake, Wete, Mkoani au Micheweni. Akilalamika shingo au mgongo, asiinuliwe ovyo. Na daktari aambiwe kama aweza kunyanyua kiganja.

Maswali:
1. Kwa nini bega huteguka upesi?
2. Ni msuli gani hupita juu ya humerasi bila ya kushikamana nayo?
3. Kiganja kikining'inia baada ya mtu kuanguka, ni kitu gani kimeumia?