Kupima Gharama ya Malipo Yavukayo Mpaka

Mnunuzi aliyeko Ufaransa aagizapo kitabu kwa intaneti kutoka duka la Uingereza na kulipa kwa kadi, mwenye duka hapokei bei yote. Sehemu moja ya makato ni ada ambayo benki ya muuzaji huilipa benki ya mnunuzi, na ambayo hatimaye humwangukia muuzaji. Kiwango chake huwekwa na makampuni ya kadi, kama vile Visa na Mastercard.

Mwaka 2015 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha sheria kwamba ada hiyo isizidi asilimia 0.2 kwa kadi za akiba na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Uingereza ilipojitoa, kinga hiyo ilikoma kwa malipo ya baina yake na Ulaya. Kati ya mwaka 2021 na 2022 makampuni hayo mawili yakapandisha ada ya malipo ya intaneti hadi asilimia 1.15 na 1.5. Kwa kitabu cha pauni 40 kilicholipiwa kwa kadi ya akiba, ada ilitoka peni 8 ikafika peni 46. Mwuza vitabu mdogo hana la kufanya, kwani akiikataa kadi humpoteza mteja.

Je, kiwango cha haki ni kipi? Wanauchumi Jean-Charles Rochet na Jean Tirole walitoa kipimo mwaka 2011. Ada ifaayo ni ile ambayo, mteja akiwa tayari yuko dukani na ana njia nyingine ya kulipa, muuzaji haoni tofauti yoyote ateue ipi. Basi yapasa kujua kila njia humgharimu muuzaji kiasi gani, na hayo hayajulikani ila kwa kuwauliza wauzaji wenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipo. Swali la kwamba "malipo ya kadi hukugharimu kiasi gani?" ni swali baya, maana wengi hawajui, nao watajibu kwa kubahatisha au kwa hasira. Hojaji njema huuliza mambo yahesabikayo: karani hutumia saa ngapi kwa juma kulinganisha hesabu na taarifa ya benki? Malipo mangapi yalirudishwa mwaka jana kwa sababu ya udanganyifu? Mtafiti ndiye azigeuzaye saa hizo kuwa fedha.

Kisha yafaa kutenga gharama zisizobadilika na zile zifuatazo idadi ya mauzo. Chukuliwe mfano wa kubuni: duka hulipa pauni 600 kwa mwaka kwa programu ya kupokea malipo, na peni 30 kwa kila malipo. Likiuza mara 1,000, gharama ya wastani ni peni 90. Likiuza mara 6,000, ni peni 40. Lakini malipo moja la ziada huongeza peni 30 tu katika hali zote mbili, na hiyo ndiyo hesabu itakiwayo na kipimo. Atumiaye wastani atapotoka sana, hasa kwa maduka madogo.

Katika biashara ya dukani kadi hulinganishwa na fedha taslimu. Katika intaneti fedha taslimu haipo. Mshindani ni uhamisho wa benki, ambao wateja wengi wa nchi za nje hawautumii. Kwa hiyo matokeo ya dukani hayawezi kuhamishiwa huko.

Suala la sampuli nalo ni zito. Uchunguzi wa Halmashauri ya Ulaya uliotolewa mwaka 2015 uliwahusu wafanyabiashara wakubwa, wenye makarani wa kutunza takwimu. Wadogo hujibu kwa nadra, na wajibuo mara nyingi ni wale walioumizwa zaidi. Dawa yake ni kuwagawa wauzaji kwa ukubwa kabla ya kuwateua kwa bahati nasibu, na kuwarudia walionyamaza, walau wachache, ili kuona kama hali zao zinatofautiana na za waliojibu.