Wageni Wawili, Safari Moja: Kusoma Maelezo ya Wasafiri wa Lualaba

Lokandu iko ukingoni mwa Lualaba, chini ya Kindu kwa anayefuata maji. Katika vitabu vya wasafiri wa mwisho wa karne ya 19 inaitwa Riba-Riba. Mwanafunzi anayetafuta maandishi ya kale juu ya mto wetu atakutana kwanza, apende asipende, na maneno ya wageni. Somo hili linapendekeza namna ya kuyasoma.

Tuchukue safari moja iliyosimuliwa na watu wawili. Tarehe 5 Novemba 1876 Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe kuelekea kaskazini, akisindikizwa na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Walitengana mwishoni mwa Desemba. Stanley alitoa kitabu chake kwa Kiingereza mwaka 1878. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akayachapisha kwa herufi za Kilatini mwaka 1902 na 1903.

Kwanza, tazama hesabu. Stanley anasema walipatana dola 5,000. Tippu Tip anasema 7,000. Kabla ya kuuliza nani mwongo, tuulize nani anadai na nani anadaiwa. Msimulizi wa safari huwa pia na mambo yake ya kutetea.

Pili, tazama umbo la sentensi. Stanley anasimama msituni na kuueleza: giza, umande unaodondoka, matope. Vivumishi vinarundikana mpaka msomaji aliyeko London aingiwe na hofu. Tippu Tip anaegemea kiambishi -ka-, kwa vitenzi vya aina ya "tukaenda, tukafika, tukalala". Kiambishi hicho husukuma habari mbele na hakiachi nafasi kubwa ya kushangaa. Kwa mfanyabiashara wa pembe aliyeizoea bara, msitu ni njia. Msitu ni uleule, ila sarufi inatuonyesha kila mmoja alisimama wapi.

Tatu, tazama wenyeji wanaitwaje. Hapa wageni wetu, waliotofautiana juu ya fedha, wanapatana. Tippu Tip anawaita washenzi. Stanley anatumia neno la Kiingereza lenye dharau ileile. Wavuvi walioujua mto kwa kuukalia wanatajwa tu, sauti yao haisikiki.

Hata hivyo, hawakunyamazishwa kabisa. Majina mengi ya vijiji, vijito na machifu yaliyomo katika vitabu hivyo yalitoka vinywani mwao, ingawa wageni waliyaandika kama walivyoyasikia. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia, na haingoji, kwani wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua.

Zoezi: Chagua majina matatu ya mahali kutoka ukurasa mmoja wa msafiri. Nenda kwa wazee wa ukingoni. Andika kwanza jinsi wanavyoyatamka, ndipo uulize maana, na jina hilo ni la lugha gani. Mzee akikataa jina la kitabuni na kutoa jingine, andika yote mawili.

Na anayetoka Kindu na daftari lake akumbuke kwamba akifika Lokandu naye ni mgeni. Maandishi yake pia yapimwe kwa maswali hayohayo matatu.