Dunia Iliyopotea: Anza na Ukuta

Marafiki zako wanakuja kucheza mchezo wa kuigiza wahusika Jumamosi. Dadu ipo, penseli zipo, na safari hii hutaki kutumia ramani ya mtu mwingine. Unataka kuwapeleka mahali ambapo dinosaria bado wanashuka mtoni kunywa maji. Vizuri. Ila usianze na dinosaria. Anza na ukuta.

Ukuta ni kile kilichoitenga dunia yako na nyingine zote. Mfano mzuri ni mlima Roraima, pale Venezuela, Brazili na Guyana zinapokutana. Juu ni bapa kama meza, kingo zake ni majabali yanayoshuka wima mamia ya mita. Arthur Conan Doyle aliwaweka dinosaria wake juu ya mlima wa namna hiyo katika riwaya ya The Lost World, mwaka 1912. Jabali likamfanyia kazi yote: wa juu hashuki, wa chini hapandi. Andika sentensi moja: hapa pamefungwa na nini? Ukishajibu, mengine yanakuja yenyewe. Pasipofika bahari, watu watapigania chumvi. Pasipo na chuma, kisu cha mgeni ni utajiri.

Usiogope udogo. Kreta ya Ngorongoro ina upana wa kilomita 19 hivi, na kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi. Ziba njia zake kichwani mwako, na una mchezo wa mwaka mzima.

Kisha toboa ukuta mahali pamoja tu. Mimi napenda pango linalopitika kiangazi; masika yakiingia, maji yanajaa hadi darini. Waambie wachezaji zimebaki siku 20. Kuanzia hapo kila usiku wanaolala una gharama.

Ramani sasa. Mwaka 1981 David Cook na Tom Moldvay waliandika The Isle of Dread, kisa cha kuchezwa katika mchezo wa Dungeons & Dragons. Wachezaji walipewa ramani ya kisiwa yenye ukingo wa pwani, lakini ndani tupu. Fanya hivyohivyo. Chora pembesita, kila moja kilomita 10, na porini watembee pembesita mbili kwa siku. Jaza saba tu: ile wanayoingilia na sita zinazoizunguka. Kila moja iwe na kitu kimoja cha kukumbukwa. Nyingine utazijaza wakizikaribia.

Wanyama watatu wanatosha: mla majani, anayemwinda, na anayekula mabaki. Wa kuanzia wanapatikana Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba visukuku kuanzia 1909 hadi 1913. Giraffatitan wa huko amesimama leo katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani, ametoka hukohuko. Ila usimtoe mnyama mapema. Toa kwanza unyayo uliojaa maji ya mvua. Toa mti uliovunjwa juu ambako hakuna tembo anayefika. Mezani pakinyamaza, umefaulu.

Watu wa huko wape muda wako mwingi kuliko kitu kingine chochote. Hadithi za zamani za aina hii, tangu riwaya ya King Solomon's Mines ya mwaka 1885, ziliandikwa wakati wa ukoloni, na zinanuka ukoloni. Wenyeji ni wa kuogopwa au wa kuokolewa. Achana na hilo kabisa. Kwao wao hakuna kilichopotea. Wapo nyumbani, na waliopotea ni wageni. Wape sheria, utani, soko, na jina la kuwaita wageni wako.

Wape pia ugomvi wao wenyewe, wa kitu kinachoshikika. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kuna magofu ya vijiji na mashamba yaliyomwagiliwa kwa mifereji ya mawe. Wakazi wake waliondoka. Chukua mfereji kama huo, uweke vijiji viwili, kimoja juu na kimoja chini. Nani ameziba maji, na kwa nini mwaka huu? Wageni wakifika, kila upande utataka kuwavuta kwake. Hapo huhitaji mwovu mwenye kofia nyeusi.

Tetesi je? Andika sita, moja kwa kila uso wa dadu. Nne za kweli, mbili za uongo, na usiwaambie ni zipi.

Jumamosi yenyewe usianzie mjini, kwenye kununua kamba na taa. Waanzishe wakiwa tayari pangoni, maji magotini, mwanga ukionekana mbele. Kabla hawajatoka, muulize kila mchezaji: mhusika wako amekuja kutafuta nini huku? Andika majibu yao bila kubishana. Wakienda nyumbani, chukua ramani na uyaweke kwenye zile pembesita tupu.