Mtandao Unabanwa Wapi? Vidokezo 6 kwa Ofisi na Saiba za Meru na Embu

Umeongeza kifurushi, bili imepanda, na faili bado zinajikokota. Usimpigie muuzaji tena kabla hujajua panapobana.

1. Anza na waya. Chomeka kompyuta moja kwenye rauta, wengine wote wakiwa wamezima, kisha pima. Ukipata Mbps 100 ulizolipia, tatizo liko ndani ya jengo lako. Kumbuka Mbps 100 ni megabaiti 12.5 tu kwa sekunde.

2. Kagua swichi na nyaya. Swichi kuukuu ya Mbps 100 haitapitisha laini ya Mbps 500 hata ukiibembeleza. Waya wa Cat5e hubeba gigabiti 1 hadi mita 100, lakini kwa jozi zake zote nne. Jozi moja ikikatika, kasi inaweza kushuka hadi Mbps 100 na taa ikazidi kuwaka kama kawaida.

3. Mabati ni adui wa Wi-Fi. Kama darasa au stoo iko ng'ambo ya ukuta wa mabati, vuta waya uweke kisambazaji huko. Kwenye majengo yaliyosongamana, kama ya Makutano, tumia GHz 5. Ukibaki kwenye GHz 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11.

4. Usichanganye wingi na wepesi. Ukiongeza pikapu za miraa kutoka Maua, mzigo mwingi utafika Nairobi, ila hakuna itakayofika mapema. Meru hadi Nairobi ni kilomita 225 hivi. Mwanga ndani ya faiba huenda na kurudi kwa milisekunde 2 na kidogo. Ukipima muda huo wa kwenda na kurudi (ping) ukapata milisekunde 90 mchana na 8 usiku, huenda hiyo ni foleni ndani ya rauta. Washa QoS (mpangilio wa rauta wa kupanga foleni), kikomo kiwe kama asilimia 90 ya kasi uliyopima.

5. Weka data karibu. Faili za kila siku zikae kwenye seva ya ofisini, na masasisho ya kompyuta yashuke usiku.

6. Laini ya pili ipite njia nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kabla ya kusaini, uliza: nguzo ni zile zile? Na baharini mnapitia kebo gani?