Kifaduro: Funzo la Uingereza Kuhusu Kinga ya Jamii

Kifaduro ni ugonjwa wa njia ya hewa uletwao na bakteria ambaye Jules Bordet na Octave Gengou walifaulu kumtenga maabarani mwaka 1906. Mgonjwa hukohoa mfululizo hata pumzi zikamwishia, kisha huvuta hewa kwa mlio. Kwa mtu mzima ni adha ya majuma mengi. Kwa mtoto mchanga huweza kuwa mauti, kwani pengine hakohoi kabisa, bali huacha kupumua.

Katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 17. Tuchukue 15. Ili ugonjwa usienee, asiambukize zaidi ya mmoja; yaani watu 14 katika kila 15 wawe na kinga, karibu asilimia 93.

Hesabu hii ilithibitishwa kwa uchungu nchini Uingereza. Kabla ya chanjo kuenezwa katika miaka ya 1950, wagonjwa zaidi ya 100,000 waliripotiwa kwa mwaka. Kufikia 1972, watoto wapatao asilimia 80 wakichanjwa, idadi ilishuka hadi 2,000 hivi. Kisha ilizuka hofu kwamba chanjo hudhuru ubongo. Katikati ya miaka ya 1970 wachanjwa walipungua hadi asilimia 30 hivi, na milipuko mikubwa ikafuata mwaka 1977 hadi 1979, na tena 1981 hadi 1983. Imani iliporejea, wachanjwa walizidi asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ugonjwa ukapungua.

Hata hivyo, kinga ya chanjo hufifia baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2012 ugonjwa ulirudi, na katika England pekee watoto wachanga 14 walifariki. Wengi wa walio hatarini hawajafikia umri wa kuchanjwa. Ndipo, Oktoba mwaka huo, wajawazito wakaanza kuchanjwa, ili kinga ya mama ipitie kondo la nyuma na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa njia hii huzuia takriban wagonjwa 9 katika kila 10 miongoni mwa watoto wa chini ya miezi mitatu.

Maswali
1. Ikiwa mgonjwa mmoja huambukiza watu 12, ni asilimia ngapi ya jamii yapasa iwe na kinga?
2. Eleza kwa nini mtoto asiyeweza kuchanjwa hutegemea kinga ya wenzake.