Utani Ukitoka Kwenye Jezi: Kijitabu kwa Matawi ya Mashabiki wa Mpira

Kimeandikwa kwa ajili ya nani

Kijitabu hiki ni cha mwenyekiti wa tawi na katibu wake, mwenye kibanda umiza, admin wa grupu la WhatsApp la mashabiki, na yule anayekusanya nauli za basi la kwenda kuishangilia timu mkoani. Wanawake wakikisoma hawatakosa cha kuokota, lakini wao wanayafahamu tayari wanayofanyiwa. Tunazungumza na wale wanaoweza kuyakomesha kwa neno moja, na ambao mara nyingi hukaa kimya wakiamini ni utani tu.

Na utani wenyewe hatuna ugomvi nao. Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, bila utani ni mechi ya kirafiki.

Utani unaolipika

Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5–0. Kwa miaka kumi na moja na ushee, shabiki wa Simba hakuhitaji kufungua mdomo. Akikutana na wa Yanga anakunjua kiganja, vidole vyote vitano, anapita zake, na mwenzake anameza mate. Kisha ikaja tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ikashinda 5–1, na kiganja kikahamia Jangwani. Ndivyo watani wa jadi wanavyoishi. Utani huo unauma, lakini unalipika: aliyechekwa leo anajua zamu yake ipo, na kinachochekwa ni matokeo, usajili, kocha, pengine rangi ya jezi.

Sasa chukua kauli kama hizi zinazorushwa mzunguko Kwa Mkapa: "Hawa ni wake zetu." "Mnacheza kama mademu." "Wiki ijayo tutawaletea Yanga Princess mpasheane nao misuli." Anayezitoa anamlenga mwanamume mwenzake wa upande wa pili. Hana habari kabisa na dada aliyekaa safu ya mbele yake, amevaa jezi ileile ya timu yake, amelipa kiingilio kilekile. Wa upande wa pili ametukanwa kwa kufananishwa na mwanamke, kwa hiyo aliyeumia zaidi ni dada huyu wa upande wa kwetu, ambaye ndiye kipimo cha ubovu. Naye hana cha kujibu. Bao hurudishwa msimu ujao, tusi la namna hii halina mechi ya marudiano.

Hapo ndipo tunapochora mstari katika kijitabu hiki chote. Utani ukibaki kwenye jezi, endeleeni, hata usiku kucha. Ukitoka kwenye jezi ukaingia kwenye mwili wa mtu, ndoa yake au jinsia yake, umeshakuwa kitu kingine hata kama kila mtu anacheka.

Mtihani wa mlangoni

Twende kwenye kibanda umiza siku ya dabi. Mabenchi yamejaa tangu saa tisa, feni moja inazunguka kivivu, mwenye kibanda amesimama mlangoni na noti mkononi. Anaingia mwanamke amevaa jezi. Hajakaa, anaulizwa: nani kakuleta? Akisema amekuja mwenyewe, mtihani unaanza. Taja kikosi cha leo. Kuotea ni nini? Msimu wa juzi nani aliongoza kwa mabao? Kijana aliyekaa pembeni yake, ambaye kwenye timu nzima anamjua mshambuliaji mmoja na hata huyo anamchanganya na mdogo wake, haulizwi chochote.

Mtihani huu hauna alama ya kufaulu. Dada akikosea swali moja, "si nilisema?" Akijibu yote, anaambiwa "huyu dume kabisa," kana kwamba ujuzi umemtoa kwenye jinsia yake. Akinyamaza, amekuja kutafuta mabwana. Anayeona mchezo wenyewe hauna ushindi anaacha kuja; anaangalia mechi nyumbani kwa simu ya kifurushi, peke yake. Baada ya misimu kadhaa tunatazama mabenchi, hatuoni wanawake, tunahitimisha kwamba hawapendi mpira.

Na tuseme hili pembeni kidogo, maana si la mpira peke yake. Mwanamume akilia hadharani kwa sababu timu yake imetolewa, tunamwita shabiki wa damu. Msichana akilia mbele ya jukwaa la mwanamuziki anayempenda, ni kiherehere. Beatles walipotua Marekani mwaka 1964 walipokewa na maelfu ya wasichana waliokuwa wakipiga mayowe, na wakubwa wa siku hizo waliyacheka sana. Miaka ikapita, muziki uleule ukaanza kufundishwa vyuo vikuu. Wasichana ndio waliokuwa wamesikia kwanza.

Nani alisema hawapendi?

Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, watu wapatao 53,000 waliingia kutazama mechi ya wanawake. Ni idadi ambayo ingekaribia kuujaza Uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000. Timu iliyowavuta iliitwa Dick, Kerr Ladies, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mji wa Preston, na mapato ya mechi yalikwenda kwenye hisani. Maelfu walibaki nje kwa kukosa nafasi.

Mwaka haujaisha, tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Soka cha England kikazikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja. Sababu iliyotolewa ni kwamba mchezo huu hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka hamsini. Brazil, nchi ambayo mpira ni kama dini, iliweka katazo la namna hiyo kisheria mwaka 1941 na kuliondoa mwaka 1979. Kwa hiyo mtu anaposema kijiweni kwamba mpira wa wanawake "haujawahi kuwa na watu", akumbushwe kwamba watu walikuwepo, wakafungiwa geti.

Wengine wamefungiwa hata jukwaa. Nchini Iran wanawake walizuiwa kwa takriban miongo minne kuingia viwanjani kutazama mechi za wanaume. Sahar Khodayari alikuwa shabiki wa Esteghlal, klabu ya Tehran inayovaa bluu. Mwaka 2019 alivaa nguo za kiume ajaribu kuingia uwanjani, akakamatwa. Septemba ya mwaka huo, aliposikia kwamba huenda akafungwa, alijichoma moto nje ya mahakama, akafariki hospitalini akiwa na umri wa miaka 29. Mashabiki wa dunia wakamwita Binti wa Bluu. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Oktoba, baada ya shinikizo la FIFA, wanawake wa Iran waliruhusiwa kununua tiketi za mechi dhidi ya Kambodia, ingawa walitengewa jukwaa lao. Iran ilishinda 14–0. Saudi Arabia nayo ilifungua milango Januari 2018. Baadaye Mtanzania Clara Luvanga alikwenda kufunga mabao nchini humo akiwa na Al Nassr.

Msomaji atasema hayo ya Iran si yetu, Kwa Mkapa hakuna mwanamke anayegeuzwa getini. Ni kweli, na tujivunie. Lakini geti kuwa wazi si kila kitu. Kuna foleni ya kukaguliwa ambayo askari wa kike ni mmoja na wa kiume ni sita, kwa hiyo wanawake wanaingia dakika ya ishirini. Kuna msongamano wa mlangoni ambamo mikono ya watu hupotea njia makusudi. Kuna vibanda visivyo na choo ambacho mwanamke anaweza kuingia. Kuna mechi inayokwisha saa nne usiku na daladala za kugombania. Hakuna lolote kati ya hayo lililoandikwa kwenye sheria yoyote, na yote yanamwambia mtu mmoja abaki nyumbani.

Mwamuzi, kiongozi na kosa la jinsia nzima

Waamuzi wote hutukanwa, hilo tulikubali ndipo tuendelee. Ila sikiliza tusi lenyewe. Wa kiume akikosea anaitwa kipofu, anaitwa mla rushwa. Wa kike akikosea anaambiwa arudi jikoni. Kosa la yule ni lake yeye. La huyu linabebeshwa wanawake wote, pamoja na ambao hawajazaliwa.

Tarehe 22 Januari 2011, Wolves walicheza na Liverpool, na mwamuzi msaidizi alikuwa Sian Massey. Kabla ya mechi, watangazaji wawili maarufu wa Sky Sports, Richard Keys na Andy Gray, wakidhani vipaza sauti vimezimwa, walicheka kwamba mwanamke hajui kuotea na kwamba lazima mtu akamweleze. Katika mechi hiyo Raul Meireles alipokea mpira akiwa kwenye mstari hasa, akampasia Fernando Torres, likawa bao. Massey hakunyanyua kibendera. Picha za marudio zikaonyesha alikuwa sahihi, kwa uamuzi ambao mwamuzi yeyote angeweza kuukosea. Ndani ya siku chache Gray alifukuzwa na Keys akajiuzulu. Sisi kinachotuvutia ni kwamba kejeli zilitangulia mechi. Walikuwa hawajaona kosa lolote.

Ukanda wetu hauna uhaba wa mifano ya kazi iliyofanyika. Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, tarehe 18 Januari 2022, Zimbabwe na Guinea, mjini Yaoundé. Mwaka huohuo akawa miongoni mwa waamuzi wa Kombe la Dunia Qatar. Mtanzania Jonesia Rukyaa amewahi kushika filimbi ya Simba na Yanga, mechi ambayo wanaume wengi wenye beji wangeomba udhuru.

Upande wa uongozi, Barbara Gonzalez alikuwa mtendaji mkuu wa Simba kuanzia mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na katika kipindi chake klabu ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Alistahili kukosolewa kama mtendaji mwingine yeyote. Klabu ni mali ya wanachama. Msomaji akumbuke tu aliyoyasikia kijiweni kwake siku hizo, ayagawe mafungu mawili: ya bajeti, mikataba na usajili huku, ya mavazi, umri na ndoa kule. Kisha amfanyie hivyohivyo mtendaji wa kiume wa klabu yoyote aone fungu la pili litakuwa na nini.

Kwenye simu

Katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, FIFA na chama cha wachezaji cha FIFPRO walifuatilia kurasa za wachezaji mitandaoni. Mchezaji mmoja kati ya watano alitumiwa ujumbe wa matusi, ubaguzi au vitisho. Ikilinganishwa na Kombe la wanaume la 2022, uwezekano wa mchezaji wa kike kushambuliwa ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 29. Sehemu kubwa ya ujumbe huo haikugusa pasi wala penalti. Ilihusu miili yao na nani wanampenda.

Kwetu silaha hiyo inajulikana. Binti anaandika kwenye grupu kwamba beki wa kushoto amechoka apumzishwe. Hoja ya kawaida, nusu ya grupu inawaza hivyohivyo. Anajibiwa kwa picha yake ya wasifu, iliyokatwa na kuandikwa maneno. Dakika kumi baadaye mtu asiyemfahamu anamwandikia inbox. Beki wa kushoto amesahaulika.

Tawi lifanye nini

Admin asisubiri kesi iwe kubwa. Tusi la jinsia likiwekwa, lifutwe, na aliyeliweka aambiwe hadharani, palepale grupuni, kwa sababu gani. Kumfuata faragha kunamlinda mkosaji. Aliyetukanwa hatajua kama kuna aliyemtetea. Akirudia, atolewe kwa muda ambao tawi limekubaliana. Mwenye kibanda ana nguvu kuliko anavyodhani: sauti yake ikisema "huyu ni mteja kama wewe, mwache aangalie mpira," mtihani wa mlangoni umekwisha. Choo chenye komeo kitamletea wateja kuliko spika mpya.

Kwenye safari za mkoani, saa ya basi kurudi ijulikane kabla ya kuondoka, na wanaoshushwa usiku washushwe mahali penye taa na watu. Nafasi ya mweka hazina au katibu wa hamasa isigeuzwe "ya akina mama" kwa maana ya kupika na kushona sare. Mwanamke apige kura na agombee kama mwanachama mwingine.

Kwa yanayovuka mipaka ya tawi, sheria ya Tanzania ipo. Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kumsumbua mtu kijinsia, kwa vitendo au hata kwa maneno matupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kutisha, kunyanyasa au kumtia mtu simanzi. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na malalamiko ya namna hii hupokelewa hapo.

Kabla ya kwenda, ujumbe usifutwe. Upigwe picha ya skrini inayoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa, na simu yenyewe ipelekwe. Tawi lijitolee mtu wa kumsindikiza, awe ni yule ambaye mlalamikaji mwenyewe amemchagua. Na mwenyekiti asitume wazee kumshawishi yamalizwe kindugu, mpaka mwenyewe aseme ndivyo anavyotaka.