Sindano za Sumu ya Botulinamu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kudungwa

Sumu ya botulinamu, ambayo wengi huifahamu kwa jina la kibiashara la Botox, hutokana na bakteria ambao wakimea katika chakula cha kopo kilichoharibika huweza kuua. Ikidungwa kwa kiasi kidogo mno, huizuia neva kuupelekea msuli amri ya kukaza, na msuli hulegea.

Ilianzia machoni. Mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itibu makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Idhini ya kulainisha mikunjo iliyo kati ya nyusi ilifuata mwaka 2002. Leo hutibu pia kipandauso sugu na misuli iliyokakamaa baada ya kiharusi. Matokeo hudumu takriban miezi mitatu hadi minne. Anayekuahidi ngozi nyororo ya kudumu anakudanganya.

Tunasisitiza jambo moja ambalo matangazo hayalitaji. Dozi hupimwa kwa yuniti, lakini hizi si kama yuniti za umeme, zilizo zilezile kokote uzinunuapo. Yuniti ya bidhaa moja hailingani na ya nyingine. Hivyo basi, bei nafuu kwa kila yuniti haina maana mpaka ujue jina la bidhaa, na mdungaji asiyelijua hawezi kukadiria dozi yako.

Kufikia Aprili 2024, watu 22 katika majimbo 11 ya Marekani walikuwa wameripoti madhara baada ya kudungwa sindano hizi, wengi wao kwa ajili ya urembo. Walikuwa wamedungwa na watu wasio na leseni au mafunzo, ama mahali pasipo pa tiba, kama vile majumbani. Baadhi ya dawa hizo zilikuwa bandia.

Dai kuoneshwa kichupa kikiwa bado na lakiri, usome jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Uliza jina la daktari na usajili wake. Mweleze iwapo una mimba, unanyonyesha, au una ugonjwa wa neva au misuli.

Kope zikilegea, sauti ikibadilika, ukimeza au kupumua kwa shida, hata wiki kadhaa baadaye, nenda hospitali mara moja na ueleze kwamba ulidungwa. Dawa ya kuikabili sumu hii ipo, lakini huzuia ulegevu usienee zaidi. Hauondoi ule uliokwisha kuingia.